Poggenkolk Tumebaki Wanne

Shamba la Poggenkolk,
Altenwiede, Münsterland.
26 Juni 2023

Mpendwa mdogo wangu Ludger,

Nikusalimu kwanza kabla sijaanza kukusema. Hujambo? Mkeo Heather hajambo? Na mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama kuwakata kondoo manyoya? Huko New Zealand najua sasa hivi mnatetemeka kwa baridi, na sisi huku tunatokwa jasho hadi kwenye kope. Vaa soksi zile nilizokufumia. Usiniambie zimekuwa ndogo, mguu wa mtu mzima haukui.

Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Baba ametimiza miaka tisini, anakula kama mkata kuni, na anasikia lile tu analotaka kusikia. Daktari amemkataza nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, naye amemkataza daktari asije tena. Ng'ombe wamepungua lakini maziwa yapo ya kutosha, tunamshukuru Mungu.

Ungekuwa unapokea simu nisingechosha vidole vyangu. Najua kwa nini hupokei: unaogopa isije ikawa sauti yake. Sikulaumu hata kidogo. Siku tuliyomzika kaka yetu Alfons nilikuwepo, kahawa iko mezani, wakati Baba alipokuambia mbele ya watu wote kwamba wewe ndiye kaburi la jina letu, kwa kuwa shamba uliliacha na mtoto hukujaliwa. Niliona ulivyoinuka ukachukua koti lako. Tangu siku hiyo hujakanyaga hapa, na hakuna kati yenu aliyemwandikia mwenzake hata neno moja. Basi barua hii isome hadi mwisho, usiitie mfukoni ukaisahau zizini. Limetokea jambo kuhusu jina hilo hilo, na linakuhusu wewe kuliko mtu mwingine.

Nianze na furaha. Henrike wetu, binti wa marehemu Alfons, ameolewa Ijumaa iliyopita! Asikwambie mtu, alipendeza hadi nikalia na poda yote ikanitoka. Na usifikiri furaha ni hiyo peke yake: kuelekea Krismasi anatarajia mtoto. Nimekwisha kuanza kufuma.

Bwana harusi anaitwa Tilman, fundi wa mashine za kukamulia maziwa. Alikuja kutengeneza yetu mwaka juzi wakati wa masika. Mashine ilipona siku ile ile, yeye akawa haishi kuja kuiangalia kama imepona kweli. Ni mrefu sana, na kila akiingia zizini anagonga kichwa, halafu anauomba radhi mlango. Mimi nilimpenda kwa hilo tu. Ila jina la ukoo wake, Ludger, ni Müller. Müller hivi hivi, bila pilipili wala chumvi.

Jioni moja alituletea kompyuta yake mezani, akatufungulia ramani ya Ujerumani. Unaandika jina la ukoo, na ramani inakupaka rangi mahali wanapoishi watu wenye jina hilo, kama walivyoandikwa kwenye vitabu vya simu. Akaandika Müller. Lo! Nchi nzima ikawa nyekundu, toka baharini hadi milimani, kama mtu aliyepata surua. Alituambia kwamba shuleni kwao mwalimu akiita Müller, nusu ya darasa ilisimama. Kisha akaandika Poggenkolk. Tukangoja. Tukadhani mashine imekwama. Henrike akainama na kuweka kidole: nukta moja hapa kwetu, na nyingine Bielefeld, basi. Ungedhani ni matone mawili ya supu kwenye kitambaa cha meza.

Tukaanza kuhesabu kwa vidole, na kidole gumba kikabaki bila kazi. Yuko Baba. Yuko Henrike. Yuko yule bibi mjane wa Bielefeld, Ottilie, ambaye jina alilipata kwa mume na watoto hana. Na wewe huko kwa kondoo wako. Mimi nilipoolewa niligeuka Lammers, mama yake Henrike ameolewa upya Hamburg na kugeuka Schröder, na Heather alibaki na la kwao, wala simlaumu, maana lake linatamkika. Wanne tu, Ludger, dunia nzima. Baba alisikia hesabu ile kutoka kitini kwake. Akageuza uso dirishani.

Tilman akataka kujua jina lenyewe limetoka wapi. Wewe unajua, lakini ilibidi nimpeleke nyuma ya zizi nikamwonyeshe lile dimbwi, mahali ambapo zamani mto ulivunja kingo ukachimba shimo, vyura wakahamia na hawakuhama tena. Poggenkolk maana yake ni hiyo tu, Dimbwi la Vyura, kwa lugha ya wazee wetu. Nikamweleza jinsi watoto wa shule walivyokuwa wakitulilia krrr-krrr njia nzima, na jinsi wewe ulivyomtia mmoja wao dimbwini akawasalimie vyura mwenyewe. Alicheka akashika mbavu. Akasema, "Shangazi, ningekuwa na jina kama hili nisingelala, ningekesha nikilitaja."

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Tilman alisema yuko tayari kuliacha Müller na kuwa Poggenkolk. Sheria inaruhusu tangu zamani mume achukue jina la mke, na inaruhusu pia kila mtu abaki na lake. Lakini Henrike anataka nyumba yenye jina moja, baba, mama na mtoto. Alimwambia mwenzake wazi: likiwa Poggenkolk sawa, na likiwa Müller sawa, lakini bila baraka ya Babu la Poggenkolk silipeleki kwa msajili wa ndoa. Anampenda mno yule mzee. Amelelewa magotini pake.

Baba akakataa katakata. Alipiga fimbo sakafuni hadi paka akakimbia. "Jina hufuata damu," akasema, "na damu hufuata mwanaume. Tangu nyumba hii ijengwe ni baba kwa mwana, baba kwa mwana. Mwanaume haolewi! Huyu kijana akiitwa Poggenkolk, basi na paka wangu aitwe Poggenkolk."

Tilman akajibu kwa upole, "Paka ana haki kuliko mimi, Mzee. Yeye amezaliwa hapa."

Nilijiziba mdomo kwa aproni. Baba hakucheka.

Na kwa upande wa pili mama yake Tilman naye alikuwa amenuna. Ni mjane, mtoto wake ni huyo mmoja, na jina ndilo alilobakiwa nalo la marehemu mumewe. "Kwani sisi akina Müller tuna ukoma?" aliniuliza kwenye simu. "Mwanangu ndiye anayeolewa?" Nikamwambia, mama, kwenu wako malaki ya watu, hutapungukiwa. Akakata simu. Nilikuwa nimekosa adabu kidogo, nakiri, lakini nilikuwa na haraka ya kutoa keki kwenye oveni.

Tukafika Alhamisi, kesho yake ndiyo ofisini kwa msajili, na Baba hajabadilika. Henrike alikuwa amekwisha kukubali moyoni kwamba atakuwa Müller. Alikuwa anamenya viazi vya saladi huku machozi yanamdondokea, akasingizia vitunguu, na vitunguu vilikuwa bado kikapuni. Nilimwonea huruma sana mtoto yule. Nikafikiri, haya, sasa kweli ndiyo basi, Baba akifa na wewe ukifa, yatabaki majina makaburini na vyura.

Jioni ile majirani walikuja kama desturi, jua bado liko juu. Akina mama walileta waridi za karatasi, tukasokota shada la matawi ya misonobari refu kama kamba ya meli. Wanaume walileta masanduku ya sahani mbovu za kuvunja mlangoni ili maharusi wapate bahati. Mmoja alileta choo kizima cha kauri, maana huku kwetu hapakosi mpumbavu mmoja. Mama yake Tilman naye alifika, kanyooka, kabeba sufuria yake ya supu.

Kazi ya kutundika shada ni ya jirani wa kwanza, na jirani wa kwanza ni Klemens Haverbusch yule yule, siku hizi ana mvi na kitambi. Unakumbuka jinsi Baba anavyomsimanga? Babu yake Klemens alioa binti wa shamba la Haverbusch, akaacha jina lake na kuchukua la shamba, kama ilivyokuwa kwa wengi zamani. Tangu niko mdogo namsikia Baba akimwambia, kanisani, sokoni, hata hospitalini, "Ninyi jina mmeliingia kwa sketi." Klemens humeza tu.

Sasa, shada lazima lizunguke mlango mkubwa wote, na juu ya mlango, wewe unajua, kuna ule mzabibu alioupanda bibi yake Baba, aliyemlea. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mimi nilipata kofi moja tu la Baba maishani mwangu, na lilitokana na mzabibu huo. Klemens aliangalia saa, akaona Baba bado amelala usingizi wake wa mchana, akapanda ngazi na msumeno. Haki ya Mungu, sikumkataza. Akaufyeka katikati yote. Majani yakaanguka chini rundo zima, na ndege wawili wakatoka wakitutukana.

Baba akatokea na kigari chake cha kutembelea. Alipoona majani chini akawa mwekundu kama nyanya. "Nani amegusa mzabibu wa Bibi?"

"Mimi," akasema Klemens toka juu. "Nitukane baadaye. Kwanza soma boriti yako."

Unaijua boriti ya juu ya mlango, Ludger. Tangu utoto tumeona ncha zake mbili tu zilizotoka nje ya majani: kushoto JOHANN BERND, kulia POGGENKOLK na mwaka 1797. Baba alitukaririsha: Johann Bernd Poggenkolk, mzee wetu, ndiye aliyejenga. Sasa boriti ilikuwa wazi yote, na herufi zake zimetulia kwenye mti kana kwamba zimechongwa juzi. Baba hakuwa na miwani. "Henrike, soma," akaamuru.

Henrike akafuta mikono kwenye aproni akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Juu, katikati: Mungu ailinde nyumba hii na wote waingiao. Chini yake, toka ncha hadi ncha: Johann Bernd Möller, aitwaye Poggenkolk, na mkewe Anna Elsebein, binti wa Poggenkolk, 1797.

Hata yule mwenye choo alikiweka chini. Maana hakuna mtoto wa huku asiyejua vile walivyoandika wazee: aitwaye ni yule aliyekuja kuoa binti wa shamba, akaacha jina lake nje na kuchukua la ndani. Damu ya Poggenkolk ilikuwa ya mwanamke. Mzee wetu mwenye boriti alikuwa ameolewa! Na Möller, sina haja ya kukueleza wewe, ni Müller kama bibi zetu walivyolitamka.

Klemens alishikilia ngazi asianguke kwa kicheko, akamwita Baba kwa jina lake. "Nyani haoni kundule, Bernhard! Miaka yote unanisimanga sketi, kumbe sketi yenu ni kuukuu kuliko yetu!"

Na mama yake Tilman, aliyekuwa amenuna tangu mwezi wa nne, akapiga makofi na kumwaga supu nusu. "Kumbe mwanangu haolewi," akasema. "Anarudi kwao!"

Watu walicheka hadi vyura wakaitikia kule nyuma. Baba tu ndiye hakucheka. Alikuwa ameinua uso anatazama boriti ambayo haioni vizuri, na mikono yake imeng'ang'ania kigari. Niliogopa. Nikasema moyoni, tumemvunja mzee wa watu siku ya furaha. Nikaenda kusimama karibu naye. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi alijua. Ndiyo maana aliumwagilia maji kila jioni, hata mvua ikinyesha." Na mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba ni kicheko. Ludger, sijamwona Baba akicheka hivyo tangu Mama alipokuwa hai.

Akamwita Tilman kwa kidole. "Wewe, Müller. Umeme ukikatika, unaweza kukamua kwa mkono?"

"Naweza, Mzee."

"Basi lichukue. Na inamisha kichwa unapoingia, milango hii haijajengewa twiga."

Henrike alimrukia babu yake shingoni nusura wadondoke wote wawili na kigari chao. Halafu zikaanza sahani. Mwenzangu, zilivunjwa! Bibi harusi na bwana harusi walifagia vigae kwa ufagio mmoja hadi viganja vikawaka, na kila walipomaliza, mtu alivunja nyingine. Tulikula soseji na mkate mweusi, tulikunywa ile pombe kali ya ngano, na Klemens alicheza dansi na mama yake Tilman. Ijumaa msajili aliandika: Tilman Poggenkolk. Sasa tumekuwa watano, na wa sita yuko njiani.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika si hayo. Watu walipokuwa wanavunja sahani nilimkuta Baba amekaa peke yake ndani, kwenye benchi karibu na jiko. Nikadhani amechoka. Akaniuliza, "Ludger ana miaka mingapi sasa?" Nikamwambia sitini na mmoja. "Nilimwita kaburi," akasema. Sikutaka kumdanganya, nikamjibu, ndiyo Baba, ulimwita, na sote tulisikia. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena, nayo ilikuwa safi. "Nilimwonea," akasema. "Nilimwonea mtoto kwa kitu ambacho hata mimi si changu."

Unamjua. Neno moja lenye huruma kwake ni kazi ya mwaka mzima, na hapo alikuwa ametoa matatu mfululizo. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo. Nilifurahi, Ludger, nilifurahi na nikakasirika papo hapo, kwa sababu ya miaka yote hii uliyokula Krismasi mbali nasi. Nikamwambia anachoniambia mimi akwambie wewe. Akasema hawezi simu, akisikia sauti yako atakwama. Akasema niandike mimi, na nimwachie nafasi chini. Basi nafasi ipo. Atakachoandika sitakisoma, nimempa kalamu na bahasha, na Henrike ataipeleka posta.

Nisalimie Heather sana, mwambie nguo nyeupe ya ubatizo aliyoishona zamani akitumaini mtoto, akatuachia, bado iko kabatini na sasa imepata wa kuivaa. Henrike anakusalimu kwa busu, anakuita Baba Mdogo na anasema wewe ndiye anayetaka usimame na mtoto kanisani, uwe baba yake wa ubatizo. Tilman anakusalimu ingawa hakujui, anataka uje umwonyeshe mahali ulipomtosa yule mtoto dimbwini. Klemens anakusalimu, siku hizi hasalimii mtu bila kutaja boriti. Ottilie wa Bielefeld nimempigia simu nikampa habari yote, kafurahi kama aliyepata ndugu wapya, naye anakusalimu.

Mungu akulinde, akulindie na kondoo wako, na akulainishie huo moyo wako mgumu uliourithi tunajua wapi. Jibu upesi. Bora zaidi, usijibu, panda ndege.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Mechthild



Ludger,

Jina ni la nyumba. Wewe ni wangu. Njoo.

Baba